Kivuli cha Shuka

Gari la matangazo lilipita mtaani likitambaa, spika ikikoroma juu ya paa lake. "Familia zote zinaombwa kukaa ndani mchana huu. Jua ni kali. Wazee na watoto wasitoke. Familia zote..." Likakata kona, sauti ikaenda nalo, na vumbi likarudi kutulia mahali pake.

Dobi alikuwa uani, mikono imezama kwenye karai hadi viwikoni. Alilisikiliza tangazo kama mtu anavyosikiliza habari za msiba wa mtaa wa pili, kwa heshima lakini bila kuinuka. Familia zote. Akakamua foronya, akaikung'uta, akaikagua kama ina doa. Yeye hakuwa familia. Alikuwa mtu mmoja, na mtu mmoja haitwi familia hata kama kabatini ana sahani za kulisha ukoo.

"Mzee Kamba!" mama mmoja, fundi cherehani, alimwita kutoka kibarazani kwake, ng'ambo ya ukuta wa mabati. "Husikii unaambiwa uingie ndani?"

"Wameita familia."

"Na wewe ni nini, nguzo?"

"Nguzo ndiyo. Nikiingia ndani, kamba zitaanguka."

Mama yule akacheka, kisha akanyamaza katikati ya kicheko, maana joto halikumpa nafasi ya kukimaliza.

Jina la Mzee Kamba lilitokana na ua wenyewe. Kamba zilikuwa zimeuvuka kila upande, na mgeni ilimbidi ainame mara kadhaa kabla ya kuufikia mlango. Alipokuwa hai, mkewe alikuwa akisema kwamba ameolewa na buibui. Sasa hakuna aliyeinama. Wateja walimpigia kelele kutoka langoni, wakampa mafurushi yao, wakaenda zao.

Maisha yake yote dobi aliishi kwa jua. Watu wengine walipotazama juu wakiomba mvua, yeye alitazama wingu kama mtu anayemwona mwizi dirishani. Jua lilimsomesha binti yake. Jua liliezeka nyumba. Hakuwahi kulishuku, hadi siku ile.

Siku ile mjukuu wake alikuwa amekuja, kama alivyozoea kuja kila wiki. Ni msichana mdogo, pengo mbele, domo kubwa. Dobi alimwita Bosi, kwa sababu ndiye aliyeamua nguo ipi imekauka. Aliibandika shuka shavuni, akafumba macho, akatoa hukumu. Ikiwa na unyevu, alisema, "Bado inalia, babu." Ikikauka, alisema, "Hii imenyamaza." Hakukosea.

Dobi alimwekea kigoda kwenye kivuli cha shuka kubwa ya nyumba ya wageni. Akamwambia, "Bosi, usibanduke hapo mpaka nikuite." Mara akaja mtu wa nyumba ile, ana haraka, wageni wako njiani, shuka zinatakiwa sasa hivi. Dobi akaanza kuanua. Akaanua hii, akaanua ile, akaanua na ile kubwa, akili yote iko kwenye mkunjo na pasi. Akaingia ndani na furushi begani. Alipiga pasi huku akiimba.

Mtoto hakubanduka. Alikuwa ameambiwa asibanduke. Jua lilipomshukia alikaa palepale juu ya kigoda, akingoja kuitwa, na babu yake hakumwita. Alipotoka alimkuta amejikunja chini, midomo imekauka, ngozi inaunguza kama bati.

Alipona. Maji, kitambaa cha baridi, zahanati, kulazwa kidogo, akarudi nyumbani akidai biskuti. Lakini binti wa dobi, mama yake mtoto, ambaye huuza dawa na huyajua maneno mengi makubwa ya ugonjwa, hakutumia hata moja. Alisimama mlangoni mwa zahanati akasema, "Baba, shuka ulizianua. Mwanangu ukamwacha ameanikwa."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Neno lile dobi alikuwa amelitumia tangu ujana, bila kulifikiria, kama mtu anavyotumia kijiko. Sasa kila alipoinua mkono kwenye kamba lilimrudia. Anika. Alianika soksi za watu, likamrudia. Alianika mashati, likamrudia. Jioni, akianua, alihisi kuna kitu kimoja ambacho mkono wake ulikipita.

Binti hakumnunia. Hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi. Alipiga simu mchana, wakati wa mapumziko ya kazi, ili mtoto amsalimie babu yake. Ila kila dobi alipouliza watakuja lini, jibu lilikuwa lilelile, la upole: "Jua likipungua, baba." Na jua halikupungua. Liliamka kabla ya watu, likalala baada yao. Dobi, aliyelipenda maisha yake yote, akaanza kulionea haya, kama mtu anayemficha rafiki aliyemtukanisha kwa wakwe.

Mchana ule wa tangazo simu ililia akiwa katikati ya kamba. Akafuta mkono, akaipokea, akaingia baina ya shuka mbili zenye maji ambako angalau kulikuwa na ubaridi.

"Shikamoo, baba. Umesikia tangazo?"

"Marahaba, mama. Nimesikia."

"Uko ndani?"

Alitazama weupe kulia kwake, akatazama weupe kushoto. "Niko ndani."

"Haya, mjukuu wako huyu hapa."

"Babu!" Sauti ikamjaa sikioni. "Unafanya nini?"

"Nimekaa tu, Bosi."

Upepo ukaja, kidogo tu, wa moto. Shuka zikapiga makofi.

Mtoto akamwita mama yake: "Mama, babu yuko nje! Nazisikia shuka!"

"Siyo shuka, ni pazia," dobi alisema, na nyumba yake haikuwa na pazia hata moja.

"Ni shuka. Ni zile kubwa. Babu, jua litakupiga uanguke kama mimi. Jianue!"

"Nini?"

"Jianue, babu! Jianue uingie ndani!"

Dobi alifungua kinywa amsahihishe. Mtu hajianui. Nguo ndiyo huanuliwa, na huanuliwa na mwenye mikono. Lakini binti alikuwa ameshaichukua simu.

"Baba." Pumzi zake zilisikika. "Unadhani nimekasirika mpaka leo? Sijakasirika. Naogopa tu. Nitamletaje mtoto kwa mtu ambaye hata mwenyewe hajui kutoka juani? Na bado unanidanganya."

"Mwanangu, nguo za watu..."

"Nguo za watu zina wenyewe. Sisi tuna wewe."

Simu ikakatika. Dobi alibaki baina ya zile shuka hadi ubaridi wake ulipokwisha na zikawa nguo tu. Ng'ambo ya ukuta cherehani ilikuwa imenyamaza. Bila shaka fundi alikuwa amesikia yote.

Kesho yake alianika alfajiri, kabla gari la matangazo halijapita. Jua lilipopanda, aliingia ndani akafunga mlango.

Hakujua mchana unafananaje ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kulikuwa na kiti cha mkewe, ambacho yeye hutupia nguo. Akazitoa nguo, akakaa. Kabati lilitoa mlio wa mbao zinazotanuka. Mstari mwembamba wa mwanga ulipita chini ya mlango ukatambaa sakafuni, naye akavuta miguu usimguse. Nje nguo zilikuwa zinapigwa jua kupita kiasi, alijua; zitakauka kama mbao, rangi zitafifia, mwenye nyumba ya wageni atafoka. Mikono yake ilimwasha. Akaikalia.

Simu ikalia.

"Babu, uko wapi?"

"Nimejianua, Bosi."

Mtoto akaibana simu sikioni. Alikuwa anasikiliza. Dobi naye akashika pumzi, wakausikiliza pamoja ukimya wa chumba kile, mmoja huku, mmoja kule.

"Shuka zimenyamaza?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ya bosi.

"Sijui. Zipo nje."

Tangu awe dobi hakuwahi kutoa jibu hilo. Upande wa pili alisikia simu ikibadili mkono, kisha pumzi za binti yake.

"Jumapili," binti alisema. "Jua likishazama. Hatutakaa sana, baba."

"Haidhuru."

"Na hicho kigoda ukiweke ndani."

"Kimo ndani," dobi alisema, na safari hii ilikuwa kweli. Kilikuwa mbele yake, kitupu, kimepangwa mbali na ule mstari wa mwanga. Uliposogea, alikisogeza.