Injini ya Korongo

Cleophas Ojwang alizaliwa Kisumu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa gati, na tangu ujana wake hakujua kazi nyingine ila kutengeneza injini za majini. Kazi hiyo ndiyo iliyomleta Jinja, na Jinja ndiko alikozeekea. Yeye na mkewe Beldina walipanga nyumba ndogo Mpumudde, wakalea watoto, wakawaona wakienda zao. Beldina alipofariki, Cleophas aliendelea kupika chai ya watu wawili na kumwaga iliyobaki. Mtu akimtajia marehemu, aligeuza mazungumzo.

Alikuwa katika hali hiyo mzee Shashikant alipomtafuta. Familia ya Shashikant ilikuwa na karakana ya mbao kando ya ziwa, na nyuma yake, ndani ya magugu, ililala boti ya chuma iliyoitwa Korongo. Zamani za vita vya Waingereza na Wajerumani, Korongo ilifungwa mzinga mbele ikawa inalinda ziwa. Vita vilipokwisha ikauzwa, ikavuta magogo miaka mingi, mwisho ikaachwa. Shashikant alitaka kuiona ikielea tena kabla hajafa.

Cleophas akaanza kazi. Alikata vyuma vilivyooza, akaunga vipya, akakwangua kutu hadi mabega yakawaka moto, na jioni akirudi nyumbani alilala fofofo, jambo ambalo hakulipata tangu msiba. Tatizo lilikuwa injini. Mahali pake palikuwa patupu.

"Sisi Wahindi tulipofukuzwa nchini ilikuwepo," Shashikant alimwambia. "Tuliporudi haikuwepo. Nasikia ilikwenda Mbale, kwa mtu wa mashine ya kusaga mahindi. Nenda kaniulizie, fundi. Lakini uliza kwa upole."

Huko Mbale mtu wa bodaboda alimpeleka mpaka Nkoma, kwa Nasiba, mjane wa Adrisi, yule mtu wa mashine ya kusaga. Mashine yake ilikuwa ikisaga kwa umeme. Pembeni, chini ya gunia lililofuliwa, ilikaa ile injini ya zamani, inang'aa kwa mafuta. Nasiba aliposikia mgeni ametoka Jinja, uso ulimbadilika.

"Umekuja kunishtaki?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuuliza tu."

"Adrisi hakuiba. Aliinunua kwa wanajeshi. Na wakati ule nani angemuuliza mwanajeshi kitu amekitoa wapi?"

"Mzee aliyenituma analijua hilo. Hataki kudai kitu."

Hapo Nasiba akamsogezea kigoda. Akamweleza kwamba miaka ile ambayo madukani hamkuwa na kitu, injini hii ndiyo iliyowasagia watu wa Nkoma unga wa watoto wao. Adrisi alikuwa akiijua kwa sikio. Ikikohoa kidogo tu aliacha sahani akaiendea. Tangu alipozikwa, kila Ijumaa baada ya sala Nasiba aliipangusa kwa mafuta.

"Siiuzi," alisema. "Bado naisikia moyoni ikilia, na nikiisikia ni kama yeye yuko hapo nje."

Cleophas hakubishana. Aliitazama injini, akamtazama mama mwenyewe, akasema, "Basi niruhusu niitengeneze, uisikie kwa masikio."

Akawa anapanda basi kwenda Mbale kila alipopata nafasi. Nasiba alimpikia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga, wakala pamoja mlangoni, wateja wakipita na ndoo zao za mahindi. Siku moja akamuuliza kama mkewe naye anajua kupika malewa.

"Alifariki," Cleophas alisema, spana mkononi.

"Pole sana. Aliitwa nani?"

"Beldina."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Wengi walimpa pole wakaishia hapo. Cleophas akaweka spana chini. Akasema Beldina aliimba kanisani kwa sauti ya juu kuliko kwaya nzima, tena nje ya wimbo, na kwamba hakukubali kushindwa hata kwa mambo yasiyo na maana, kama ni mbwa gani aliyebweka jana. Alisema hadi chakula kikapoa, na Nasiba hakumharakisha.

Siku ya kuiwasha, Cleophas alipasha kichwa cha injini kwa stovu ya mafuta ya taa, kwani injini za zamani za aina ile haziwaki zikiwa baridi, akazungusha gurudumu lile zito. Injini ikakohoa, ikatema moshi, ikanguruma. Vumbi likaanguka kutoka kwenye mabati, kuku wakakimbia, majirani wakatoka nje. Nasiba alisimama ameziba masikio kwa viganja vyote viwili.

Ilipozimwa aliuliza, "Ilikuwa na kelele hivi?"

"Hivi hivi, mama."

"Na mimi miaka yote nakumbuka kama ilikuwa inaimba." Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya leso. Kisha akaweka mkono juu ya chuma chenye joto. "Kumbe siyo hii niliyokuwa naikosa. Ichukueni."

Shashikant alikuja mwenyewe na lori. Neno la mali ya nani hakulitaja. Alimshukuru Nasiba kwa kuitunza, na Nasiba akamwambia mwenye kustahili shukrani ni Adrisi. Mzee akaomba apelekwe kaburini, akasimama pale kofia mkononi kwa muda mrefu.

Korongo ilipoingia majini ilivuja kidogo nyuma, Cleophas akaziba. Nasiba, ambaye hakuwahi kupanda chombo chochote cha majini, alivalishwa jaketi la kuokolea juu ya buibui, akaketi karibu na fundi akishika chuma kwa mikono miwili. Shashikant alisema kitu huko mbele, lakini kwa ngurumo ile hakuna aliyemsikia. Kabla hawajafika mbali Nasiba alitapika, Cleophas akimshikia mkoba, na waliporudi alisema hapandi tena kitu kile maishani mwake.

Mwezi uliofuata alikuja kutoka Mbale na bakuli la malewa, akapanda.