Dumu la Petroli na Mayai ya Mama Kulwa

Mwanangu, siku niliyoua vifaranga wa watu naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Nakusimulia leo kwa sababu nimekasirika, na sina haja ya kukuficha. Jumamosi nimefika kwako Igoma saa sita mchana, umeme umekatika, nikaikuta jenereta inanguruma uani. Feni inapuliza makochi matupu, simu yako imechomekwa ukutani, na wewe mwenyewe uko kwa jirani unasukwa. Nilipoizima ulikuja mbio kuuliza nani kazima, hata kuniamkia ukasahau. Na mtu huyo huyo ndiye aliyeniomba sanduku la bibi yako la kutotoleshea mayai. Sasa kaa unisikilize.

Nilikuwa na miezi minane tangu niolewe. Tulikaa Kirumba, nyumba moja na mama mkwe wangu, huyo bibi yako, mtu wa Bukoba asiye na maneno mengi. Sanduku lake lilikuwa la mbao, ndani balbu na kipimajoto, na lilikaa chumba cha nyuma. Wanawake wa mtaa walimletea mayai yao awatotoleshee, kila mmoja kayachora kwa penseli alama yake ili yasichanganyike wakati wa kuyageuza. Mama Kulwa, jirani wa nyumba ya tatu, alama yake ilikuwa nyota. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita bandani kwake kikaondoka na kuku wote, hadi jogoo. Kilichobaki ni mayai kumi na mawili waliyotaga kabla ya kuugua, na hayo ndiyo aliyotuletea.

Kipindi kile umeme ulikuwa wa mgao, unaondoka asubuhi, unarudi jioni. Mama mkwe alikuwa na jenereta ndogo, ya kubebwa na mtu mmoja aliyeshiba, na namna yake ya kuitumia ilikuwa inanichekesha. Anaiwasha, sanduku linapata joto, anaizima. Analifunika blanketi mbili akiacha matundu ya hewa wazi, anakaa kando akisuka ukili wake wa mkeka, jicho kwenye kipimajoto. Joto likianza kushuka ndipo anawasha tena. Kama kuna redio ya kuchaji au shati la kupiga pasi, vyote vinasubiri zamu hiyo hiyo. Alikuwa anasema injini ikishaamka inakunywa, uwe umeipa kazi au hujaipa. Mimi nilimwona mchoyo tu, mzee anayeonea huruma petroli.

Zikiwa zimebaki siku tatu mayai yaanguliwe, akaitwa msibani Bukoba. Kabla ya kwenda kupanda meli alinionyesha dumu la lita kumi. Akasema likitumika kama anavyolitumia yeye, litatosha mpaka arudi na litabaki. Akanishika mkono akauweka kwenye choki, kile kishikio kinachovutwa injini ikiwa baridi ili iwake. "Ukishawasha, hesabu mpaka ishirini, halafu irudishe. Usije ukaiacha hivyo."

Nikaitikia, "Sawa mama," na akilini mwangu nilikuwa nimeshapanga mengine. Kanda ya harusi yangu ilikuwa imetoka wiki hiyo, na wenzangu wengi walikuwa hawajaiona.

Basi kesho yake umeme ulipoondoka nikawasha jenereta, nikawasha televisheni, deki na spika mbili kubwa za mume wangu. Wenzangu wakajaa sebuleni. Tuliitazama ile kanda tangu asubuhi mpaka jioni, tukirudisha pale nilipokata keki. Injini haikupumzika hata kidogo. Na choki sikuirudisha, mwanangu. Nilipojaribu mashine ilikohoa, nikaogopa, nikaiacha nusu. Ikatoa mlio mzito na moshi mweusi, nami mjinga nikadhani hiyo ndiyo nguvu.

Siku ya pili asubuhi dumu halikuwa na kitu, na kwenye tangi kulikuwa na kidogo cha kufikisha saa tatu. Nilipoinama kwenye sanduku nikasikia vifaranga wanalia ndani ya mayai. Sauti ndogo, nyingi, na wengine wanagonga.

Nikachukua dumu nikakimbia. Kituo cha kwanza pampu zimelala kwa sababu na wao hawana umeme. Nikaenda mpaka Mirongo, nikapanga foleni kwenye jua, mafuta yakaisha mbele yangu wamebaki watu wawili. Nimerudi nyumbani saa nane, dumu tupu. Nikafunika blanketi, nikazungushia chupa za maji ya moto, nikakaa chini sikio kwenye mbao. Mpaka saa kumi walikuwa wamenyamaza wote. Na umeme uliotakiwa kurudi jioni ukarudi kesho yake.

Mama alifika na meli ya asubuhi. Alitoa yai moja moja akaliweka sikioni, trei zote, na mimi nimesimama mlangoni. Kisha akaenda uani, akafungua plagi ya jenereta, ile inayotoa cheche ndani ya injini, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa nyeusi tii, masizi matupu.

"Petroli ya mayai ndiyo hii," akasema. "Umeigeuza moshi. Sasa chukua trei, kila mwenye mayai yake umpelekee mwenyewe, umwambie ulichofanya."

Nilizunguka Kirumba na zile trei mchana kweupe. Wengine walinitukana, na matusi yalinipa nafuu. Kwa Mama Kulwa nilifika mwisho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeniletea vifaranga?"

Nikamweleza, kanda na yote. Akachukua yai moja lenye nyota akalipasua. Ndani mlikuwa na kifaranga kamili, manyoya yamelowa, na juu ya mdomo kile kipembe cha kupasulia ganda.

"Huyu alikuwa ameshafika," akasema. "Kideri sikukiona kikija, mwanangu. Wewe ulikuwa umekaa na hawa vifaranga nyumba moja."

Hakufuga tena. Banda likageuka stoo ya kuni, nami nilipita mbele yake kila siku kwenda kisimani. Nina hasira na yule msichana wa kanda niliyekuwa mimi mpaka leo, ndiyo maana sikukuonea haya Jumamosi.

Kwa hiyo sikia, na usininunie. Lile jenereta kubwa ulilonunua ili mtaa usikie, lirudishe dukani au liuze, utafute dogo linalolingana na vitu vyako. Kubwa linalobeba feni moja linakunywa bila sababu. Usiwashe kwa ajili ya simu. Kusanya kazi zako, pasi, simu, maji ya kuvuta tangini, uzifanye kwa zamu moja, halafu zima. Friji usiifungue fungue, itakaa na ubaridi wake yenyewe. Choki irudishe mashine ikishatulia, na ukiona moshi mweusi ujue unachoma mali yako. Kichujio cha hewa kikungute vumbi la Igoma kabla hakijaziba. Na jenereta lisikae ndani wala dirishani, ule moshi unaua na watu. Petroli iliyomo kwenye dumu ihesabu kuwa ni ya saa utakayoihitaji kweli, na saa hiyo hutaijua mapema.

Sanduku la bibi yako lipo, nimelifuta vumbi. Nitakuletea siku nitakayofika kwako umeme umekatika, nikakuta uani kimya na wewe umekaa ndani unaangalia kipimajoto. Mungu akulinde, mwanangu, akujalie mikono yenye subira kama ya bibi yako. Na kila kitakacholia ndani ya nyumba yako kikikuhitaji, akujalie uwe bado na cha kukipa.