Mkono wa Bingwa, Mkono wa Binti Yangu

Nina kibanda umiza hapa Kasulo: mabenchi, pazia jeusi mlangoni, televisheni moja kubwa. Watu wanakuja kuangalia soka. Saa ambazo hakuna soka naangalia tenisi peke yangu, na wakinikuta wananicheka. "Bosi, zima hao wauaji wa mbu utuwekee mpira!" wanasema, maana raketi wanayoijua wao ni ile ya umeme ya kuulia mbu. Nawafukuza. Mimi hasira zangu ziko karibu, na kwenye tenisi sitaki utani.

Ninayempenda ni dada mmoja anayecheza kwa mkono wa kushoto. Nimemfuatilia tangu alipokuwa anatolewa mapema, watangazaji hawawezi hata kulitamka jina lake. Akapanda, akawa namba moja duniani, bega likamwangusha, wakasema amekwisha, akarudi. Na uchezaji wake, jamani! Akianzisha mpira kutoka upande wa kushoto wa uwanja, unakata kwenda nje kabisa. Mpinzani anaufuata mpaka karibu na viti vya watazamaji, huku nyuma uwanja mzima umebaki wazi. Tena mpira wake unazunguka, ukidunda unapanda mpaka begani kwa mwenzake. Waliozoea watu wa kulia hawajui wasimame wapi.

Binti yangu, yuko darasa la pili, naye ni wa kushoto. Nilimchongea kibao, tukawa tunapiga mpira ukutani nyuma ya kibanda. Pale nilimwacha atumie mkono wake, na alivyokuwa anaupiga, nasema kweli, nilijisikia mtu mkubwa. Nyumbani hapana. Kula ni kulia, kuandika ni kulia, kupokea ni kulia. "Huo ni mkono wa chooni," nilikuwa namwambia. Ndivyo nilivyolelewa na mimi, sikuona ubaya wowote.

Jumapili iliyopita mama yangu alikuja kutoka Murukulazo. Tulikuwa tumetoka kanisani, majirani wamejaa uani. Binti akamsalimia vizuri, "Shikamoo, bibi," akaitikiwa "Marahaba, mjukuu wangu," kisha akaleta uji. Kwetu ukimpa mkubwa kitu, unatoa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto unashika kiwiko cha ule unaotoa. Yeye kikombe kilikuwa mkono wa kushoto, wa kulia ndio umeshika kiwiko. Akapiga na goti.

Mama alikitazama kile kikombe, hakukipokea. "Mwanangu, huyu hamjamfundisha?"

Majirani wakageuka kunitazama mimi. Nikamchapa mtoto kofi la mkononi, uji ukamwagika wote, kikombe kikabiringika hadi mlangoni. Hakulia. Alikiokota kwa mkono wa kulia, akaingia ndani.

Heshima yote ilikuwepo pale: goti, kiwiko, macho chini. Imegeuka upande tu. Na kinachonichoma ni kwamba nililiona hilo kabla sijanyanyua mkono, nikampiga hivyo hivyo, kwa sababu ya macho ya watu.

Alasiri hiyo hiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya yule dada. Alikuwa ameshatangaza kustaafu. Nikamchukua binti, tukakaa wawili tu kibandani. Seti ya tatu, gemu ya mwisho, dada wa watu akakimbizwa hadi pembeni, nikajua basi. Akauchapa mpira akiwa anakimbia, ukazunguka nje ya nguzo ya wavu, ukarudi ndani, ukaangukia mstarini. Nikaruka juu ya benchi. "Mkono huo! Mungu aubariki mkono huo!"

Nikageuka ili tushangilie pamoja. Binti alikuwa ameukalia mkono wake wa kushoto, ameubana chini ya paja.

"Baba," akaniuliza, "huyu hana baba?"

"Anaye. Yule pale jukwaani, anayelia."

"Hakumchapa?"

Nilichofanya, na aibu yake ninayo mpaka sasa, ni kushika rimoti na kuongeza sauti.

Tangu siku hiyo nafsi inanisuta hata nikiwa mezani. Namwona anavyoshika kijiko kwa mkono wa kulia, polepole, akinichungulia kama anapatia. Mama yake ananiambia mtoto amenyooka. Amenyooka! Nilitamani kumjibu vibaya, nikameza.

Jana nilimwita nyuma ya kibanda. Nikachuchumaa mbele yake. "Mwanangu, baba alikosea. Mkono wako hauna ubaya wowote. Cheza nao."

"Ndiyo, baba."

Nikampa kibao. Alikipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko, akapiga goti kidogo, vile vile ninavyotaka. Kisha akasimama mbele ya ukuta akiwa bado ameshika kiwiko, akanisubiri.

Nikamrushia mpira taratibu kabisa. Ukampita. Akaniomba msamaha.