Kichwa cha Treni Kilichogoma

Gereji nzima ilimwita Nyundo, na jina lilimkaa. Alikuwa fundi wa stata za mabasi. Basi likigoma kuwaka, wenzake walianza kufuata nyaya; yeye aliingia uvunguni, akaigonga stata ngwa! na injini ikanguruma. "Kitu kikigoma, kikumbushe bosi ni nani," alipenda kusema, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Utani ulikuwa mtamu, hadi alipoanza kwenda nao nyumbani.

Nyumbani ulianza na mlango wa kabati, ukaenda kwenye redio, kisha ukamfikia mkewe. Mke aliondoka jicho moja limefumba kwa uvimbe, akaenda kukaa kwa kaka yake, mwashi mmoja mpole mwenye mabega mapana. Kila aliyemuuliza Nyundo alipewa jibu lile lile: "Nilimsukuma tu. Akajikwaa mwenyewe."

Mke alipiga simu mara moja. "Jumamosi nakuja kuchukua treni ya baba. Ukisema kwa mdomo wako ulichonifanya, chote, itabaki hapo ilipo, na mimi nitabaki. Ukinidanganya, basi tena."

Treni yenyewe ilikuwa ya kuchezea, ya chuma, na reli zake zimepigiliwa juu ya ubao. Marehemu mkwe aliiacha, na bintiye aliitunza kama mboni ya jicho. Jumamosi hiyo mchana Nyundo aliinua ubao kutoka sakafuni akauweka mezani. Alijiambia kwamba mke akiikuta inazunguka, moyo utamlainika kabla ya maswali. Alitaka arudi, hilo halina ubishi. Nyumba ilikuwa imempwaya.

Akawasha umeme. Kichwa cha treni kikawasha taa, kikavuma, kikakaa pale pale. Akafuta reli kwa kitambaa na spiriti. Wapi! Akasafisha magurudumu, akatoa kaboni za mota, akazikuna, akazirudisha. Kikavuma tu.

"Unanijaribu wewe," alikiambia, jasho likimtoka.

Akakipa kofi. Akaongeza la pili, bomba la moshi likakatika na kuruka chini ya kochi. Mkono ulikuwa umeshapanda kwa la tatu alipokumbuka treni ni ya nani. Akaushusha, akakipindua kichwa, akafungua kifuniko cha chini kwa bisibisi.

Kwenye ekseli, katikati ya vijino, kulikuwa na nywele zimejiviringa zikakaza kabisa. Alizichomoa kwa kibanio, ukatoka msokoto mzima wa rasta, rangi ya damu ya mzee.

Nyundo aliketi. Rasta hizo mkewe alizisuka wiki ile ile ya ugomvi. Siku hiyo alikuwa amepiga magoti kando ya reli, treni inazunguka, mume akaingia akamwita, naye akajibu, "Subiri kidogo." Kwa neno hilo tu alimkamata nywele, rasta zikanyofoka juu ya reli, akamburuza sakafuni kutoka sebuleni hadi mlango wa jikoni, akampiga teke la mbavu, na alipojikunja akampiga ngumi ya jicho. Hakumsukuma. Hakuna aliyejikwaa.

Mlango ukabishwa. Mke akaingia, nyuma yake kaka mtu. Nyundo akafumba kiganja, nywele zikiwa ndani, na kwa mkono mwingine akawasha umeme. Kichwa kikaondoka kwa ulaini, kikazunguka ubao mzima.

Mke alikitazama, na kwa kitambo uso wake ukafunguka. "Kilikuwa na nini?"

Hapo ndipo angesema, mjinga yule. Kweli ilikuwa mkononi mwake.

"Vumbi," akasema.

"Vumbi hukifanya kisitesite, mume wangu. Siku ile nilikiacha kinavuma bila kwenda, na kikivuma hivyo ni nywele. Nimekifungua tangu mtoto." Akanyoosha mkono. "Fungua kiganja."

"Nimesema vumbi!"

"Shemeji," kaka mtu akaingilia taratibu, "mfungulie tu, yaishe."

Neno "yaishe" lilimchoma. Mkono uliokuwa umefumba ukaruka kama ulivyozoea. Ngumi ikatua mdomoni mwa mwashi, jino likagonga sakafu, damu ikachuruzika hadi kwenye reli. Mwashi, pamoja na mabega yale yote, hakurudisha. Alijishika mdomo na kumtazama dada yake.

Ngumi ikafunguka yenyewe. Rasta zilikuwa zimenata kwenye vidole kwa damu ya shemeji, na Nyundo akawa anazikung'uta, anazikung'uta, nazo hazibanduki.

"Mama, ngoja. Nilikuvuta. Nilikuvuta nywele, nikakupiga teke..."

"Sasa naziona mwenyewe," mke akasema.

Akazima umeme, akakiinua kichwa cha treni kutoka kwenye reli, akakifuta damu kwa upindo wa nguo yake. Akamshika kaka yake mkono wakatoka, naye Nyundo akabaki anaueleza ubao mtupu mambo yote, moja baada ya jingine, bila kuacha hata moja.