Bunduki Yangu Hafifu

Mie siwezi kupita Al Qabil bila ya kupandisha vioo vya gari, na haya nayasema kwa aibu kabisa, maana wapo watu wazima pale, wenye ndevu zao na vyeo vyao, wakiniona tu hujaza mashavu upepo wakafanya "pfff", kisha wakacheka mpaka wakaegemeana. Hata muuza tende nikimuuliza bei anafanya "pfff" kwanza ndipo anataja. Basi kaeni nikuelezeni pfff hiyo ilitoka wapi, mnicheke mbele yangu kuliko kunicheka nyuma.

Nilikuwa nimepeleka posa kwa Zuwena, anayefanya kazi katika chuo hapa Ibra, Oman (tulikuwa tunajuana kwa heshima, msinitazame hivyo). Baba yake ni Ami Suleiman wa Al Qabil (ami wa heshima tu, si ndugu), mzee aliyezaliwa Unguja na kukulia huko, Kiarabu mpaka leo hakijamkaa, na Kiswahili chake ni kile cha zamani kilichopigwa pasi, ukikosea neno anakusahihisha hata kama mko msibani. Wachumba waliotangulia wote aliwajibu "Inshallah" ile ndefu, ambayo maana yake ni shika njia uende zako. Mie nilipopeleka wazee wangu, aliwaambia: "Kijana na aje kwenye shabaha ya Iddi. Nikishamuona, jibu atalipata palepale."

Shabaha ya Iddi ni ile ya kila mwaka, watu wanakusanyika bondeni nyuma ya mashamba ya mitende, wanaweka ubao mbali huko chini ya jabali, kila mtu na bunduki yake ya leseni, kahawa na haluwa zinazunguka, na maneno yanazunguka zaidi ya kahawa. Tatizo lilikuwa moja dogo tu: mie bunduki nilikuwa sijawahi kupiga hata ya maji.

Nikamkimbilia binamu yangu Hilali, anayekaa Dima wa Tayyin milimani, mfugaji wa mbuzi na mpigaji shabaha ambaye akitaka anaweza kumnyoa nzi sharubu. Akanipa lile bunduki lake kubwa, la risasi ndefu kama kidole cha kati. Nikalenga, nikafyatua. Wallahi, nilivyofumbua macho nilidhani nimefika Muscat. Bega likageuka rangi ya biringani, na mbuzi wote wa kijiji wakaniangalia kwa huruma.

"Hii si yako," Hilali akanambia kwa Kiarabu, maana Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu. "Wewe unataka khafifa."

Khafifa, yaani nyepesi. Tukashuka mpaka Nizwa, dukani, na muuzaji akataka kuniuzia jengine la risasi nene nene, akasema hili linaangusha mnyama yeyote. Nikamuuliza mnyama gani, na swala wetu wa milimani wanalindwa na serikali kuliko ninavyolindwa mie? Kitu pekee ninachoruhusiwa kuwinda ni ubao. Hilali akacheka, akateremsha bunduki nyembamba ya kuwindia, mtutu wake mfupi, kitako chake cha mti mwepesi, ya risasi za kawaida zisizompiga mwenyewe teke. Nikaishika kwa mkono mmoja. Ilikuwa kama kushika kichane cha ndizi. "Khafifa," akasema muuzaji. "Khafifa," akasema Hilali. "Khafifa!" nikasema mie, na njia nzima ya kurudi neno likawa ndilo wimbo.

"Na risasi ungenunua zile zilizo tayari," Hilali akanishauri tukiwa garini.

Hapo ndipo palipoharibikia. Lazima mjue kwamba mie nimemaliza skuli ya usiku nikiwa tayari na mvi mbili tatu kidevuni, na mtu aliyesoma ukubwani ana ugonjwa wake: kila anachokisoma jioni, asubuhi ameshakuwa profesa wake. Hilali anajaza risasi zake mwenyewe miaka na miaka, na mie nilikuwa nimesoma habari zake siku mbili kwenye simu. Nikasema hapana, bunduki yangu nitailisha kwa mkono wangu.

Basi akaniweka mezani kwake Dima. Kazi yenyewe si ya ajabu: unachukua maganda yaliyokwishapigwa, unayasafisha, unatia fataki mpya ya kuwashia baruti kitakoni, unapima baruti kwenye mizani ndogo kama ya sonara, unamimina, kisha unakandamiza kichwa cha risasi juu kwa mashine ya mkono. Hilali aliniwekea vipimo, akakaa ubavuni mwangu mpaka akaridhika, na kabla hajaondoka kwenda kuwatazama mbuzi akanipa sharti moja: "Ukinyanyuka tu mezani, mwaga yote, anza upya. Na kabla ya kufunga, mulika ndani ya kila ganda kwa tochi."

"Ala ayni," nikamjibu, yaani juu ya jicho langu.

Nipo katikati ya kumimina, simu ikalia. Ami Suleiman! Sasa sie tuliolelewa kwa adabu za Unguja, mkubwa akikupigia simu husemi naye umekaa, hata kama hakuoni. Nikasimama wima kama askari.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, baba. Nasikia umekwenda Nizwa umenunua bunduki."

"Ndiyo, Ami."

"Bunduki gani?"

Na mie kichwa kizima kimejaa khafifa, khafifa, nikaligeuza kwa Kiswahili nikiona nimesema la maana: "Bunduki hafifu, Ami."

"Hafifu?"

"Hafifu kabisa. Nimeitafuta kusudi, nimezunguka duka zima."

"Khaa! Na risasi zake je?"

"Najaza mwenyewe, Ami. Hafifu vilevile."

"Na utakuja nayo hiyo mbele za watu?"

"Kwa fahari, Ami!"

Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa: "Haya mwanangu. Mungu akuzidishie."

Nikakaa chini nimefurahi utadhani nimeshaoa. Nikatazama maganda: lipi nimelitia baruti na lipi bado? Sharti la Hilali nalikumbuka, mwaga yote. Lakini baruti imeshapimwa vizuri, mikono imechoka, na tochi iko chumba cha pili, na nani kasema aliyefaulu hesabu skuli ya usiku anashindwa kukumbuka maganda? Nikayafunga yote. Hilali aliporudi akaniuliza, "Umemulika?" Nikamwambia, "Mulika nini, nimeshamaliza!" Akadhani nimesema ndiyo.

Siku ikafika. Bonde limejaa, magari yamepangwa mpaka barabarani, wanawake wamekaa upande wao chini ya turubai, na Zuwena yumo na mashangazi zake, kanga nyekundu mabegani. Ami Suleiman ndiye ameshika kipaza sauti, na zamu yangu ilipofika akatangaza kwa Kiswahili chake safi: "Sasa anakuja Nassor wa Ibra. Bunduki yake ni hafifu, mwenyewe amenambia. Naomba msimcheke."

Mie nikaona mzee ananipamba. Nikaiinua bunduki juu ya kichwa kwa mkono mmoja, nikaizungusha, watu wauone wepesi wake! Wazee wa Unguja na Pemba waliokaa mbele wakaangua kicheko, nikasema moyoni, hasidi hao.

Nikapiga ya kwanza. Ubao, pembeni. Nikapiga ya pili. Ubao, karibu na kati, na turubai likapiga vigelegele, na mie nikageuka nikainama kidogo kama bwana harusi. Nikapiga ya tatu.

Pfff.

Si mlio wa bunduki, jamani. Mlio wa mbuzi anayepiga chafya ndani ya gunia. Bonde zima likanyoosha shingo. Mie, profesa, nikashika komeo la bunduki niingize risasi nyengine.

"Usipigeee!" Hilali alivuka mkeka, birika na wazee wawili kwa ruka moja, akanipokonya bunduki, akaielekeza kwenye jabali tupu, akaifungua. "Kichwa kimekwama kwenye mtutu! Ganda lile hukulitia baruti, fataki peke yake ndiyo iliyokisukuma! Ungepiga nyengine nyuma yake, mtutu ungekupasukia usoni."

Nikarudi nyuma hatua tatu. Lakini aibu bado haijaanza, maana bunduki haiwezi kuachwa hivyo, basi ikalazwa kwenye mkeka katikati ya watu kama mgonjwa wa upasuaji, Hilali akaleta mdeki, ile fimbo ya kusafishia mtutu, akawa anagonga taratibu kwa kipande cha mti, na kila mtu ana lake la kusema.

"Msukume, mtoto yuko karibu!"

"Mpeni asali!"

"Mwiteni mkunga!"

Mara kikachomoka, kikaruka, kikatua katikati ya sahani ya haluwa mbele ya Ami Suleiman. Mzee akakitazama. Akakichukua kwa vidole viwili, akakifuta, akaniita.

Nikaenda nikiburura miguu, tayari kuisikia Inshallah ndefu kuliko zote.

"Nassor," akasema, na watu wote wanasikia. "Waliokuja kwangu kuposa, kila mmoja chake ni kizuri. Gari yake nzuri, kazi yake nzuri, ukoo wake mzuri. Nikichimba, nakuta kinyume. Wewe peke yako umenambia kabla: bunduki yangu hafifu, risasi zangu hafifu. Leo nimekuja kutazama, na wallahi nimekuta ni hafifu kama ulivyosema. Mtu asemaye kweli juu ya chake hata mbele ya mkwe, binti yangu nampa."

Hapo ndipo akili iliponijia. Hafifu! Kwa Kiswahili chake, na cha wazee wote walioketi pale, hafifu ni kitu duni, dhaifu, ovyo! Nikafungua mdomo nimfahamishe, na Hilali, ambaye hakufahamu hata neno moja lakini anaijua sura ya mtu anayetaka kuharibu, akanikanyaga mguu. Simu ikatikisika mfukoni. Ujumbe kutoka chini ya turubai: "Najua ulikusudia khafifa. Nyamaza."

Nikanyamaza. Nimeoa.

Toka siku hiyo nimeapa: risasi nanunua dukani, simu ya mkubwa naipokea nikiwa sina kazi mkononi, na kitu chepesi nakiita chepesi. Bunduki ipo kabatini, khafifa vilevile. Na Zuwena akitaka vyombo vioshwe, wala hagombi, anachukua simu tu, anasema kwa upole, "Nimpigie Baba nimfunze Kiarabu kidogo?" Mie huyoo, jikoni.