Vitabu vya Mezani kwa Mama Glory

Marta Singano alifanya kazi miaka ishirini na sita katika nyumba ya wageni iliyokuwa juu ya barabara ya Magamba, na miaka yote hiyo sehemu aliyoipenda zaidi ilikuwa sebule. Mbele ya mahali pa kuotea moto palikuwa na meza fupi, na juu ya meza hiyo vitabu vikubwa vya picha, vizito kiasi kwamba ukikipakata kimoja unahisi umepakata mtoto. Wageni walirudi kutoka msituni na tope kwenye viatu, wakakaa pale kufunua kurasa huku wakisubiri chai. Wakiondoka, vitabu vilibaki vimetawanyika, na kazi ya Marta ikawa kuvipanga upya: kikubwa kabisa chini, cha wastani juu yake, kidogo juu kabisa, kisha bakuli la maua. Kimoja kiliachwa wazi pembeni. Mwenye nyumba, mama mzee wa Kijerumani aliyeishi Lushoto tangu ujana wake, ndiye aliyemfundisha hivyo. Alimwambia kwamba kitabu kilichofunguliwa humfanya mgeni aone kuna mtu alikuwa amekaa hapo sasa hivi tu, na hapo naye huona anaweza kukaa.

Mama yule alipofariki, nduguze wakaiuza nyumba. Mnunuzi alitaka ukumbi wa mikutano, na sebule ikavunjwa ukuta. Marta alikuta vitabu vimetupwa kwenye maboksi pamoja na mapazia mabovu, vikisubiri kuchomwa moto. Akaomba apewe. Msimamizi akamwambia achukue anavyoweza kubeba. Vingi vilikuwa vimeliwa na unyevu, kurasa zimeshikana kama maandazi ya jana, lakini tisa vilikuwa vizima. Akavifunga kwa nailoni, akapanda gari la abiria kwenda kwao Malindi, kijiji cha hukuhuku milimani Lushoto, navyo mapajani, na huo ndio ukawa mwisho wa ajira yake.

Sisi wa Malindi tulimfahamu Marta kama Mama Glory, mke wa Rubeni, mkulima wa kabichi na karoti na mzee wa kanisa letu la Kilutheri. Sebule yao ilikuwa kama zetu: makochi yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vioo lenye vikombe visivyotumika, kalenda ya dayosisi ukutani. Rubeni alipoona vitabu vimewekwa mezani aliuliza sahani zitakaa wapi. Mkewe alikwenda kwa fundi Anord, akachongesha meza nyingine ya mbao za paini, fupi kama ile ya Magamba, akaiweka katikati ya makochi. Rubeni alisema tangu azaliwe hajawahi kuona meza ya vitabu ambavyo mwenye nyumba mwenyewe havisomi. Hilo lilikuwa kweli kwa sehemu, maana vitano vilikuwa kwa Kiingereza na vinne kwa Kijerumani, na Marta Kiingereza alikijua cha kuulizia mayai na mashuka.

Kazi haikuwa ndogo. Ukungu wetu huingia ndani bila hodi, na kitu kisichoguswa wiki mbili huota ukungu mweupe. Marta aliweka bakuli la mkaa chini ya meza kunyonya unyevu, na Januari, jua likiwaka, alivianika vitabu kwenye mkeka uani, kurasa zikiwa wazi, kama anayeanika maharage. Wapita njia walicheka. Wengine walisema uzungu umempanda kichwani.

Lakini kila Jumapili, baada ya ibada, alifunua ukurasa mpya wa kitabu kilichokuwa wazi, na ukurasa huo ukakaa hivyo wiki nzima. Mwanzoni aliyeona alikuwa Loveness, jirani wa ng'ambo ya shamba, aliyekuja kuazima ungo. Siku ile palikuwa na picha ya nyangumi. Loveness alisahau ungo. Jumapili iliyofuata alikuja na shemeji yake. Baada ya miezi michache ikawa kawaida mtu kupitia kwa Mama Glory kuangalia wiki hii kuna nini: bustani za mawe za Japani, tanuri za mikate, kanisa lililojengwa kwa barafu. Mzee Timotheo, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, alikaa karibu saa nzima mbele ya farasi mmoja mweusi, kisha akaaga kwa heshima kama aliyetoka msibani. Rubeni naye aliacha kusema. Tulimwona, akitoka shamba, anavua mabuti mlangoni na kuchungulia mezani kabla ya kuuliza chakula.

Kitabu cha sita kilikuwa cha chai. Kilikuwa na picha za mashamba ya nchi mbalimbali, na kuelekea mwisho palikuwa na kurasa za kwetu, za Usambara ya Mashariki. Jumapili moja ya mwezi wa tatu Marta alifunua ukurasa wa wanawake kumi na mmoja wamesimama katikati ya michai, matenga mgongoni. Chini paliandikwa: Bulwa, 1974.

Jumanne yake akaja Mbaraka Hashimu. Mbaraka alikuwa dalali wa mboga kutoka Muheza, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, aliyepanda na lori lake la Fuso mara mbili kwa wiki hadi mnadani Lukozi. Alikuja kukubaliana na Rubeni kuhusu kabichi. Manyunyu yakaanza, na Marta akamkaribisha ndani anywe chai mpaka Rubeni arudi. Alipotoka jikoni na sahani ya viazi alimkuta mgeni amepiga magoti sakafuni, uso karibu na kitabu. Chai yake ilikuwa imefanya utando.

"Mama Glory," alisema bila kuinua kichwa, "huyu ni mama yangu."

Alikuwa ameelekeza kidole kwa mwanamke wa mbele, mrefu, mwenye kilemba cha kijani, aliyekuwa akicheka na mwanya wake ukionekana wazi. Marta alimweka kwenye kochi na kumwacha aseme. Mama yake alikuwa mchuma chai Bulwa. Alifariki mwaka sabini na sita, Mbaraka akiwa na miaka minne. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja, na dada yake mkubwa, Asha, aliyemlea, hakupenda kuzungumza habari za wakati ule. Alichobaki nacho Mbaraka kichwani kilikuwa mwanya ule na kilemba kile, na miaka mingine alidhani amejitungia tu.

Akataka kukinunua kitabu. Marta akasema hakiuzi. Basi akaomba ukurasa ule mmoja, autoe kwa wembe taratibu, hautaonekana. Hilo lilimsumbua Marta zaidi. Alitazama nyuma ya karatasi: kulikuwa na picha nyingine, ya wazee wanapima majani kwenye mizani. Akamwambia Mbaraka kwamba hao nao huenda ni baba za watu, na kwamba hawezi. Alisema kwa upole, lakini baadaye alimweleza Loveness kwamba aliona haya, kumnyima mtu mama yake kwa ajili ya kitabu.

Mbaraka hakukasirika. Alipiga picha kwa simu yake. Lakini dada yake kule Bulwa alikuwa na kitochi, simu isiyopokea picha, na hata akionyeshwa kwenye kioo kidogo cha simu ya Mbaraka, macho yake yasingeona vizuri. Hivyo wakakubaliana ukurasa ule usigeuzwe mpaka Asha apande mwenyewe. Wiki tatu Mama Glory hakugeuza ukurasa. Waliouliza aliwajibu kwamba bado. Kila Jumanne na Ijumaa Mbaraka alipita, akakaa dakika kumi mbele ya yule mwanamke wa mwanya, kisha akaenda kupakia kabichi zake. Alianza hata kumsalimia. Rubeni alimsikia akisema taratibu, shikamoo mama.

Asha alikuja Ijumaa, amekaa mbele kwenye Fuso, amejifunga vitenge viwili kwa ajili ya baridi ya kwetu. Alikuwa na miaka sitini na miwili, umri mmoja na Marta, na vidole vyake vilikuwa na ule weusi wa majani ya chai usiotoka hata mtu akistaafu. Wakaamkiana kwa Kishambaa, wakaulizana habari za watoto na mvua. Kisha Asha akaomba maji, akanawa mikono, akaikausha vizuri, ndipo akaketi mbele ya meza.

Alitazama muda mrefu. Mbaraka alikuwa amesimama nyuma yake.

"Huyu si mama," Asha alisema. "Huyu ni Mama Sabra."

Kidole chake kikasogea nyuma, kwa mwanamke mfupi wa mstari wa pili aliyekuwa ameinama kurekebisha kamba ya tenga. Uso wake ulionekana nusu, na nusu hiyo ilikuwa na kivuli.

"Mama ni huyu. Hakupenda kupigwa picha."

Mbaraka alitoka nje. Hakuaga, hakuvaa viatu. Marta alimwona kupitia dirisha amesimama kwenye tuta la karoti, na Rubeni, aliyekuwa akipalilia, akaacha jembe na kwenda kusimama kando yake. Akampa kandambili zake.

Ndani, Asha alimsimulia Marta. Mama yao alipofariki, yeye Asha alikuwa na miaka kumi na minne, na ilibidi aingie shambani siku ya tatu tu ya matanga, kushika nafasi ya mama ili wasitolewe kwenye nyumba ya kambi. Asingeweza kuchuma na mtoto. Mama Sabra, jirani wa ukuta mmoja, mwenyewe akiwa na mtoto mchanga, akamchukua Mbaraka. Alikaa naye miaka miwili, akamlisha, akamlaza. Asha alipopata nguvu akamrudisha kwake, na kwa kuwa alitaka mdogo wake ajue kwamba ana mama mmoja tu, aliyezikwa, hakumtaja tena Mama Sabra. Muda si mrefu wakahamia Muheza. Yeye alirudi Bulwa alipoolewa, lakini jambo lile lilikuwa limeshakaa hivyo.

Mbaraka aliporudi ndani pamoja na Rubeni, Asha alimweleza yote tena, safari hii akimwangalia yeye.

"Nilikunyima kumjua," alisema. "Uso uliobaki nao ni wa mtu aliyekulea. Hukujitungia."

Mbaraka aliuliza Mama Sabra yuko wapi. Asha akasema alifariki mwaka elfu mbili na tisa, amezikwa palepale Bulwa, makaburi ya juu. Mbaraka alihesabu. Mara ngapi amepita njia ile na gari lake akienda kwa dada yake. Kisha akapiga magoti mahali pale pale alipopiga siku ya kwanza, akamtazama yule mwanamke mfupi aliyeinama, akijaribu, Marta aliona, kuumalizia ule uso nusu. Baada ya hapo akarudi kwa yule wa mwanya. Macho yake yalikwenda na kurudi hivyo mpaka dereva akapiga honi barabarani.

Ndipo Marta akaondoa bakuli la maua, akakifunga kitabu, akakitia katika kitenge kipya na kumpa Asha. Rubeni aliuliza kama ni kitabu chote. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayenyang'anywa, na Marta akashangaa, maana huyu ndiye aliyekuwa akililia nafasi ya sahani.

"Nikikata ukurasa watapata picha moja," alimjibu. "Kule Bulwa huenda wanawafahamu na wale wengine."

Asha alishika mikono ya Marta kwa mikono yake miwili, akaenda.

Jumapili iliyofuata Mama Glory alifungua kitabu cha milima yenye theluji. Watu walikuja, wakatazama, lakini wengi walitaka kusikia habari za wanawake wa chai, naye akawaeleza mpaka akachoka.

Mwezi wa nane Mbaraka alimchukua Marta kwenda Bulwa kumtembelea Asha. Waliteremka Mombo, wakapita Korogwe na Muheza, wakapanda tena upande wa pili, safari ya kutwa nzima. Njiani Mbaraka alisema amesafisha makaburi yote mawili na kuyasomea dua, na kwamba Sabra, yule aliyekuwa mtoto mchanga, ameolewa Tanga, na sasa hupigiana simu na kuitana kaka na dada. Lakini kuhusu mama yake wa kumzaa bado alikuwa anajifunza, alisema. Kila wiki alimuuliza Asha jambo moja.

Kwa Asha, kitabu kilikuwa juu ya meza ya chakula, kimevikwa nailoni ngumu kama kadi ya kliniki, kimebanwa kati ya chupa ya chai na redio. Marta alitamani kukisogeza na kukipanga. Hakukigusa. Pembeni palikuwa na karatasi ya daftari yenye majina tisa kwa kalamu ya risasi, maana watu wa kambi walikuwa wamekuja mmoja mmoja, na kila aliyemtambua mtu alimwambia Asha, naye akamwandikisha.

Kesho yake mchana, wakiwa wanakunywa uji, akaingia bibi mmoja na fimbo, kutoka kambi ya chini, amesikia kuna kitabu. Marta akampisha kiti na kumwamkia shikamoo. Asha akamfungulia. Bibi alivuta kitabu mpaka puani, akatembeza kidole kwenye mstari wa wanawake, akasimama kwa yule wa mwisho kulia, kijana mwembamba mwenye shali ya maua.

"Shali hii haikuwa yangu," alisema. "Niliiazima asubuhi ile, na mwenyewe aliidai kabla hata hatujapima majani."

Asha akachukua kalamu ya risasi na kumuuliza jina lake kamili. Adhana ya alasiri ilipolia, Asha na Mbaraka wakatoka kuswali. Marta akabaki na yule bibi, akasogeza kiti karibu naye, akamfunulia kurasa nyingine.