Mashine ya Mbele

Shingo ya Arvid Hautala iliacha kugeuka mwezi wa Aprili, tawi la mti lilipomwangukia msituni. Madaktari waliiunga kwa vyuma na skrubu, wakamwambia amshukuru Mungu. Alimshukuru. Lakini tangu siku hiyo, akitaka kumtazama mtu aliyekaa pembeni yake, ilimbidi ageuke mwili mzima, kama kabati linalohamishwa.

Kiangazi chote jambo hilo halikumsumbua sana. Kuni hupasuliwa kwa kutazama mbele, na samaki huvuliwa kwa kutazama mbele. Ilipofika Oktoba, majani yakapukutika, upepo wa Ziwa Kuu ukaanza kunusanusa milango, ndipo lilipomkabili wazo alilokuwa akilikwepa. Theluji huondolewa kwa kutazama nyuma.

Hivyo ndivyo baba yake alivyofanya, na ndivyo wanavyofanya karibu wote wenye matrekta madogo katika rasi ya Keweenaw, inayoingia ndani ya ziwa hilo. Mashine ya kurusha theluji hufungwa nyuma ya trekta. Dereva huenda kinyumenyume, amejipinda kitini, mkono mmoja kwenye usukani, kidevu begani, na mashine huila theluji kabla magurudumu hayajaikanyaga. Ukimwona mzee wa huko anatembea amepinda upande, huna haja ya kumuuliza majira ya baridi alikuwa akifanya kazi gani.

Arvid aliishi chini, njia ya kwao inapokutana na barabara kuu. Juu kilimani, njia inapokwisha, aliishi mama yake, Saima, peke yake, akiwa na umri wa miaka themanini na minane. Theluji ya huko haina adabu. Ikianza, hupanda hadi madirishani. Njia isipofunguliwa asubuhi, mama yuko gerezani, na akiugua hakuna gari litakalomfikia. Mwenye gari la kukodiwa la kuondoa theluji alikuwepo mjini, lakini yeye huanza na maduka, na kilimani hufika watu wamekwisha kula cha mchana.

Ndiyo maana Wilbert, kaka yake Arvid, alikuja Jumapili moja kutoka mjini, akaketi jikoni kwa mama yao, akasukuma kando sahani ya mkate wa iliki.

"Mwaka huu Mama anashuka," alisema. "Kwenye nyumba ya wazee chumba kipo. Kina joto, kina dirisha zuri."

"Dirisha la kutazama nini?" Saima aliuliza.

"Maegesho ya magari, Mama."

"Basi nitakufa nikiyajua magari ya watu wote."

"Mama, sitanii. Arvid hawezi kugeuza shingo. Nani atafungua njia?"

"Mimi," alisema Arvid.

"Kwa shingo ipi, bwana mdogo?"

Arvid akatazama kikombe chake. Alikuwa mtu ambaye maneno humjia njiani akirudi nyumbani. Lakini siku ile alirudia tena, polepole, "Nitafungua mimi."

Wilbert akapumua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu. "Haya. Theluji kubwa ya kwanza, nitakuja na gari asubuhi. Nikifika hadi mlangoni hapa, sitafungua mdomo tena. Nisipofika, Mama anafunga mizigo."

"Mnaniwekea dau kama farasi," alisema Saima. "Kuleni mkate, wapumbavu nyie."

Wiki ile Arvid alikwenda kwa Kemppainen, muuzaji wa vifaa vya matrekta, ambaye dukani kwake kuna jiko la kuni na wanaume wasioisha kulizunguka. Kwanza alisimama mbele ya mashine moja akasoma bei yake mara nyingi, ili mtu asije akamsemesha. Kemppainen alimsemesha.

"Arvid! Mashine ya baba yako imekufa?"

"Haijafa. Nataka ya kufungwa mbele."

Jiko zima likacheka.

"Ya mbele ni ya watu wa Detroit, huko kusini," alisema mmoja. "Theluji yao ni sukari ya kunyunyiza kwenye keki!"

Kemppainen hakucheka, alikuwa mfanyabiashara. Alieleza kwa upole. Mashine ya mbele huulemeza mdomo wa trekta, na magurudumu ya nyuma yakawa mepesi, yakacheza dansi. Tena huhitaji kuzungushwa na chuma kinachopita chini ya tumbo la trekta, na si kila trekta lina mahali pa kukishikisha.

"Langu linapo," alisema Arvid. "Ndipo ninapofunga mashine ya kukatia nyasi."

"Kwa nini usifunge vioo tu? Viwili vikubwa, hapa na hapa. Ukatazama nyuma bila kugeuka."

"Vitajaa theluji."

"Utapangusa."

"Nikipangusa, usukani atashika nani?"

"Kuna kamera siku hizi."

"Nayo ina jicho. Litajaa theluji."

Masikio ya Arvid yalikuwa yamewaka mekundu. Ingekuwa ni kwa ajili yake mwenyewe, angekwisha toka. Lakini kila alipoutazama mlango, aliliona lile dirisha la maegesho, na mama yake ameketi nyuma yake akihesabu magari. "Nataka ya mbele," alisema tena, na safari hii hakuna aliyecheka.

Zilikuwepo za upana wa aina mbili. Nyembamba ingeifaa injini ya trekta lake. Pana ingeilemea kidogo. Arvid akatoa mfukoni kamba yenye fundo. Alikuwa amepima magurudumu ya nyuma, kutoka ukingo wa nje wa moja hadi ukingo wa nje wa jingine, kwa sababu mashine ikiwa nyembamba kuliko magurudumu, magurudumu hukwaruza theluji iliyobaki kandokando. Akaitandika kamba juu ya ile nyembamba. Fundo likaishia ndani, pakabaki nafasi ya kidole kila upande.

"Niwekee hii," alisema. "Nitakuja Jumatatu."

Jumamosi jioni walioga sauna, kile kibanda cha mvuke, kwa mama yao, kama Jumamosi zote. Arvid alipotoka, mwili ukimfuka mvuke, alimkuta Saima jikoni ameishika ile kamba, aliyoikuta ikining'inia mfukoni mwa koti la mwanawe.

"Nilikuwa ninaitafuta kamba yangu ya kuanikia. Nani ameifunga fundo?"

"Mimi, Mama. Nilipimia trekta."

"Ulipima lini?"

"Wiki hii."

"Matairi matupu?"

Arvid akalishika lile fundo. Minyororo ya matairi, ile mizito inayovishwa magurudumu ili yashike barafu, ilikuwa ikining'inia ghalani kwenye msumari wake. Hakuna anayeivisha kabla ya theluji. Kwa hiyo hakuna anayeikumbuka wakati wa kupima, maana upimaji wote hufanywa katika vuli, mikono ikiwa bado na joto.

"Baba yako alifanya vilevile," alisema Saima. "Ulikuwa tumboni. Mnyororo ulinasa ukuta wa theluji, trekta likaparamia, likalala mtaroni. Alilitukana kwa Kifini mpaka mchungaji aliyekuwa akipita, asiyeijua lugha hiyo ya wazee wetu, akavua kofia, akidhani anasali."

Arvid hakusubiri kahawa. Alishuka na nywele zimelowa, akawasha taa ya ghala, akaivisha minyororo ile mmoja baada ya mwingine hadi vidole vikafa ganzi. Akapima tena. Fundo la zamani lilikuwa limebaki nyuma kwa upana wa kiganja. Akafunga fundo jipya, akalikaza kwa meno.

Jumatatu alisema kabla Kemppainen hajamsalimu. "Nipe ile pana."

"Injini yako itagugumia."

"Nitakwenda polepole."

"Na magurudumu ya nyuma? Utayalemeza kwa nini?"

"Kwa mashine ya baba. Nitaifunga nyuma, nitaining'iniza tu. Ile ni nzito kuliko sisi wote hapa."

Mmoja wa wale waliolizunguka jiko la kuni akapiga goti lake. "Arvid, utakuwa na pua mbele na mkia nyuma!"

"Ng'ombe anavyo vyote viwili," alisema Arvid, "na hufika nyumbani."

Walicheka tena, lakini safari hii walicheka pamoja naye, na mmoja wao akasimama kumsaidia kupakia.

Theluji kubwa ya kwanza ilikuja kabla ya msimu wa Novemba wa kuwinda kulungu. Ilishuka usiku kucha kutoka ziwani bila upepo, nene, na kulipopambazuka uzio haukuonekana. Arvid alikunywa kahawa akiwa amesimama, akavaa, akawasha trekta.

Kazi ngumu ilikuwa ya kwanza. Gari kubwa la kusukuma theluji ya barabara kuu lilipopita lilikuwa limeacha mdomoni mwa njia yao ukuta wa theluji iliyoshindiliwa, mgumu kama saruji. Arvid akaingiza mashine nusu upana. Injini ikagugumia kama alivyoambiwa. Akapunguza mwendo. Ikagugumia. Akasimama kabisa, akaiacha mashine itafune, ndipo akasogea. Alipotaka kurudi kidogo ili auanze upya, hakuhitaji kutazama nyuma. Alizitazama alama za magurudumu yake zilizo mbele, akahakikisha zinabaki zimenyooka. Ukuta ukapasuka. Theluji ikaruka juu ya miti midogo, ikamwagika upande wa msitu, wala si upande wa barabara, maana mtu wa huko akirushia theluji yake barabarani hasalimiwi hadi Pasaka.

Penye kona ya kilima, magurudumu ya nyuma yaliteleza. Trekta likayumba kuelekea mtaro uleule. Arvid akauma midomo. Chuma cha baba yake kililala nyuma kwa uzito wake wote, minyororo ikauma ardhi, kuta za pande zote mbili zikapita bila kuguswa. Upana ulikuwa umetosha. Akaendelea kupanda, mwendo wa mtu anayekwenda mazishini, macho mbele.

Saima alikuwa dirishani. Arvid alimwona tangu mbali, jambo ambalo hakuwahi kulipata bila kuumia shingo. Alipofika kizingitini na kuzima injini, alisikia honi nyuma yake. Hakuweza kugeuka kutazama, na hakuhitaji. Ilikuwa ya gari la Wilbert.

Saima akafungua mlango.

"Miaka yote hii trekta limekuwa likinijia kwa makalio," alisema. "Leo limeniamkia."

Wilbert akashuka, akafunga mlango wa gari taratibu. Mkononi alikuwa na sanduku tupu la nguo. Akaitazama njia yote aliyoipanda, iliyokatwa ikanyooka hadi chini, akamtazama mdogo wake, akakumbuka ahadi yake, akanyamaza.

"Umeniletea sanduku?" Saima alilipokea mikononi mwake. "Vizuri. Lile la kuni limetoboka. Haya ingieni, kahawa inapoa."